Sura ya Saba: Taka Nzito za Nyumba ya Mgonjwa

Familia inapopokea nyumbani mgonjwa asiyeweza kuzuia haja, hujiandaa kwa mengi: dawa, uji, zamu za kukesha, nauli ya kurudi kliniki. Taka hazimo katika maandalizi hayo. Siku ya kwanza pampasi zilizotumika hutiwa kwenye ndoo. Siku ya tatu ndoo imejaa na mkono mmoja hauiwezi. Wiki ikipita, kila aliye nyumbani anajua kwamba nyuma ya nyumba kuna jambo, na hakuna anayelitaja.

Jambo hilo ndilo la sura hii, na mahali pa kulitazamia ni Nyabibuye, kata ya Wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, upande wa mpaka wa Burundi. Kakonko yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi ilipomegwa mwaka 2012. Ni nchi ya Waha, ya vilima na mabonde. Migomba huzunguka nyumba, maharage na mihogo hushuka na mteremko, na maji hutoka chini bondeni. Mvua huanza Oktoba au Novemba, nayo haiagi mpaka Aprili au Mei. Gari la taka halipiti vijijini. Kila kaya hujimalizia taka zake yenyewe, kwenye ardhi yake, jirani na maji yake. Utaratibu utakaofaa Nyabibuye utafaa Kasulu, Kibondo na kijiji chochote chenye hali kama hiyo.

Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba taka hizi huwa nzito kwa sababu mbili: maji na siri. Yote mawili yanaondoka bila mtambo na bila fedha nyingi. Tuanze na maji.

KILO ZINATOKA WAPI

Mtu mzima hukojoa lita moja hadi mbili kwa siku. Lita moja ya mkojo ina uzito wa kilo moja na ushei. Tuchukue lita moja na nusu. Pampasi kavu ya mtu mzima ina gramu 100 hivi, kwa hiyo mgonjwa anayebadilishwa mara tano kwa siku anatumia nusu kilo ya pampasi kavu. Ukijumlisha na mkojo unapata kilo mbili kila siku, hata kabla ya kuhesabu haja kubwa. Kwa mwezi ni kilo 60. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 700, sawa na magunia saba ya mahindi yanayotolewa chumbani na kupelekwa nyuma ya nyumba, na mara nyingi mbebaji ni mmoja tu, mama au binti wa nyumba hiyo.

Tano kwa siku ni kiwango cha kawaida. Mwongozo wa Sphere, ambao mashirika ya misaada hupimia kazi yao katika majanga na kambi za wakimbizi, ulieleza katika toleo lake la 2018 mahitaji ya mtu asiyeweza kuzuia haja. Ukitumia pedi za kutupa, kima cha chini ni 150 kwa mwezi. Ukitumia chupi maalumu za kufulika, ni 12 kwa mwaka. Ukitumia kitambaa laini cha pamba, ni mita za mraba nane kwa mwaka. Juu ya hapo mtu huyo anahitaji vyombo viwili vyenye mfuniko na mpini, vya lita 8 hadi 16, shuka mbili za mpira za kukinga godoro, sabuni ya ziada kilo moja kwa mwezi, nusu ya kuogea na nusu ya kufulia, na maji ya ziada. Wenyeji wa Kakonko wameyaona kwa macho mashirika yanayofanya kazi kwa miongozo ya namna hiyo, maana kambi ya Mtendeli iliyopokea Warundi kuanzia mwanzoni mwa 2016 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2021 ilikuwa wilayani mwao.

Zitazame upya zile kilo 60 za mwezi. Pampasi zenyewe ni kilo 15. Kilo 45 zilizobaki ni mkojo, kitu ambacho tayari kina mahali pake, nacho ni choo. Robo tatu ya mzigo unaomvunja mlezi mgongo ni maji yaliyofungwa ndani ya plastiki.

NDANI YA PAMPASI

Chukua pampasi mpya uichane kwa mkasi. Juu kuna kitambaa chepesi cha plastiki ambacho hakikufumwa, kinachopitisha mkojo na kuiacha ngozi ikiwa kavu. Chini kuna karatasi ya nailoni inayozuia kuvuja. Pembeni kuna mipira na gundi. Katikati kuna pamba inayotokana na miti, na ukiitikisa pamba hiyo juu ya sahani zitadondoka chembe nyeupe, ndogo, ngumu. Zimwagie maji kidogo. Kwa muda mfupi tu zitavimba na kuwa uteute mzito unaoteleza, na hata ukiubana kwa kidole maji hayatoki.

Chembe hizo huitwa poliakrileti ya sodiamu. Katika maji safi hunyonya mara mia kadhaa ya uzito wake. Katika mkojo, wenye chumvi ndani yake, uwezo hupungua hadi makumi. Wazo lake lilianzia shambani. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika maabara ya Peoria jimboni Illinois, walitengeneza kinyonya maji kwa kutumia wanga wa mahindi, wakilenga kusaidia udongo kushika unyevu. Baadaye viwanda vikaunda chembe za kemikali zenye nguvu zaidi, na kufikia miaka ya 1980 zikaingia kwenye nepi.

Mkulima wa Nyabibuye anaweza kuuliza: kama asili yake ni shamba, kwa nini nisizifukie kwenye migomba? Jibu ni kwamba chembe za leo si wanga, na haziko peke yake. Zimeshikana na plastiki ambayo haiozi katika umri wa mtu, na zimebeba kinyesi cha mgonjwa. Migomba haihitaji kitu hicho.

Nchi zilizotangulia kuzeeka zimeshaanza kulishughulikia tatizo hili kwa mitambo. Mji mdogo wa Hoki, mkoani Tottori nchini Japani, hukausha pampasi za wazee na kuzigeuza kuwa vipande vya kuni vya kuchemshia maji ya bafu la umma. Nchini Wales nepi zilizotumika huoshwa, plastiki ikatenganishwa na nyuzi, na mwaka 2022 nyuzi hizo zilichanganywa na lami katika kipande cha barabara ya A487. Kote huko yanahitajika magari, umeme na mashine. Lakini hatua ya kwanza ni ileile, kutenganisha maji na plastiki, na hiyo inawezekana chumbani kwa mgonjwa, kabla pampasi haijalowa.

NJIA TATU ZINAZOKIMBILIWA

Njia ya kwanza ni choo cha shimo. Usiku pampasi hukunjwa, zikadondoshwa, na asubuhi hakuna ushahidi. Fanya hesabu. Kinyesi cha mtu mmoja kikishajichuja na kuoza shimoni hubakiza tope la lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Kaya ya watu sita itajaza kama lita 300. Shimo la mita moja kwa moja, kina mita tatu, lina lita 3,000, kwa hiyo linaweza kuitumikia kaya hiyo miaka kumi. Sasa ongeza pampasi 150 kwa mwezi, kila moja ikichukua nafasi ya karibu lita moja. Ni lita 1,800 kwa mwaka za kitu kisichooza. Choo cha miaka kumi kinajaa ndani ya mwaka mmoja na nusu. Na hakitapakulika, kwa sababu gari la maji taka haliwezi kuvuta plastiki. Baada ya kampeni ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017, kaya nyingi zimechimba na kujenga vyoo bora kwa jasho lao. Pampasi shimoni ni kulitupa jasho hilo.

Njia ya pili ni moto. Pampasi iliyolowa haiungui. Inafuka. Watu huimwagia mafuta ya taa, ikashika juu juu kisha ikazimika katikati, na moshi wa plastiki ukaingia jikoni, chumbani kwa mgonjwa na mapafuni mwa watoto. Katikati ya lile bonge jeusi kinyesi kinabaki kama kilivyokuwa. Vichomea taka vya matofali unavyoviona kwenye vituo vya afya, vya aina ya De Montfort iliyobuniwa katika chuo kikuu cha mjini Leicester, Uingereza, hufikia joto la nyuzi 800 hivi, tena kwa taka kavu. Moto wa majani ya migomba hauwezi kufika huko.

Njia ya tatu ni korongo, kichaka au mwisho wa shamba. Mbwa hufukua. Mvua hubeba. Kinachotupwa mlimani Nyabibuye hushuka hadi chemchemi ambako jirani anachota maji, na maji mengi ya wilaya hizi huishia mito ya Muyovozi na Malagarasi. Ardhi oevu ya mito hiyo ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na Malagarasi humwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Mkoa wa Kigoma unajua kinyesi kisichodhibitiwa kinaweza kufanya nini. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipobanana Kagunga, kando ya ziwa, bila vyoo vya kutosha, kipindupindu kilizuka na kuua.

Katika njia zote tatu familia haijatafuta mahali salama pa taka. Imetafuta mahali ambapo haitaonekana.

PUNGUZA KABLA YA KUTUPA

Jambo la kwanza ni saa. Wagonjwa wengi wanaovaa pampasi kutwa nzima bado wana uwezo fulani wa kukojoa kwa mpango. Wapelekwe haja wanapoamka, baada ya kila mlo, kabla ya kulala, na katikati ya hapo kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama hawajaomba. Usimnyime mgonjwa maji ukidhani utapunguza mkojo. Mkojo mzito hukichokoza kibofu na huchoma ngozi, ukosefu wa maji humfungisha choo, na choo kigumu hukisukuma kibofu kivuje zaidi. Mpunguzie vinywaji saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Hiyo inatosha.

La pili ni chombo. Kwa mwanaume aliyelala, kidumu cha plastiki chenye mpini, mdomo wake ukakatwa upana wa ngumi na kingo zikalainishwa kwa moto ili zisimkwaruze, ni chombo kamili. Kwa mwanamke, beseni la kina kifupi au bedpani ya hospitali. Kwa anayeweza kuketi, mpe seremala kiti imara cha mbao akate tundu katikati, na chini yake weka ndoo yenye mfuniko. Kila kinachoingia kwenye vyombo hivi hupelekwa chooni, na choo kikabaki na kazi yake.

La tatu ni kitambaa. Mchana, mgonjwa akiwa nyumbani, avae nepi za kitambaa cha pamba. Fundi cherehani yeyote mwenye kipimo cha kiuno anaweza kushona chupi pana zenye mfuko wa kuingizia kitambaa kilichokunjwa, khanga kuukuu iliyolainika au flana. Godoro livishwe shuka ya mpira, ile ambayo wodini huitwa makintoshi. Pampasi za kutupa zibaki kwa usiku, safari na siku za kuharisha. Mgonjwa aliyekuwa akitumia tano kwa siku anaweza kushuka hadi mbili, yaani 60 kwa mwezi. Uzito unapungua zaidi ya nusu, na fedha za pakiti kadhaa zinabaki mfukoni kwa ajili ya sabuni na maziwa.

Kuna tahadhari moja katika kufua ambayo wengi hawaambiwi. Usimwagie jiki kitambaa chenye mkojo. Jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa kali inayoumiza macho na mapafu. Kwanza suuza kitambaa kwa maji na uyamwage maji hayo chooni. Kisha fua kwa sabuni. Mwisho ndipo uloweke dakika kumi katika jiki iliyochanganywa: kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji. Suuza tena, anika juani mpaka kikauke kabisa. Ukiwa na pasi ya mkaa, pitisha.

Ngozi nayo iangaliwe. Kila unapombadilisha mgonjwa, msafishe kwa maji na sabuni laini, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, kisha mpake mafuta mgando kidogo. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili. Kidonda cha mgandamizo kikishafunguka, huongeza maumivu, gharama na taka.

SHIMO LA PAMPASI

Zitakazobaki zinahitaji shimo lao peke yake. Usilichanganye na shimo la taka za jikoni, wala usilisogeze karibu na migomba unayovuna.

Chagua mahali palipo chini ya nyumba kwa mteremko, walau mita 30 kutoka kisima au chemchemi yoyote, na pasiwe juu ya chemchemi hiyo. Chimba kiangazi. Ukiona maji yanachuruzika kabla hujafika chini, hama. Sakafu ya shimo inatakiwa iwe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita moja na nusu angalau. Upana wa mita 1.2 kwa 1.2 na kina cha mita mbili unatosha. Nusu mita ya juu usiitumie. Ni ya udongo wa kufunikia mwisho. Ukitoa pia nafasi ya udongo wa katikati, shimo hilo litachukua pampasi kama 1,600. Kwa mgonjwa wa tano kwa siku ni miezi kumi na moja hivi. Kwa mgonjwa wa mbili kwa siku ni zaidi ya miaka miwili. Tofauti hiyo ni kazi ya kidumu, kiti na kitambaa.

Upande wa mlimani chimba mfereji mdogo wa kuchepusha maji ya mvua. Mdomo wa shimo uzungushie magogo, juu weka mfuniko wa mbao uliopigiliwa bati, na juu yake jiwe ambalo mtoto na mbwa hawawezi kulisukuma.

Utaratibu wa kila siku ni huu. Haja kubwa iliyomo kwenye pampasi idondoshwe kwanza chooni. Pampasi ikunjwe kuanzia mbele kwenda nyuma, uchafu ukibaki ndani, kisha ifungwe kwa gundi zake zenyewe. Iingie kwenye ndoo yenye mfuniko iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 liliondoa rambo ambazo watu walikuwa wakifungia taka za namna hii, na mifuko mbadala inavuja, kwa hiyo ndoo ni bora kuliko mfuko. Ndoo ipelekwe shimoni kila jioni bila kungoja ijae. Kilo mbili zinazobebwa kila siku hazimuumizi mtu. Kilo kumi na nne za mwisho wa wiki zinamuumiza, na zinanuka. Pampasi zikishaingia shimoni, nyunyiza majivu, kisha koleo moja au mawili ya udongo. Osha ndoo, maji yake yamwage chooni. Nawa mikono kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi, hata kama ulivaa glovu.

Shimo likijaa, lifukie kwa udongo ulioshindiliwa na kuinuliwa kama tuta ili maji yasituame juu yake. Weka alama ya kudumu. Usipande mihogo wala viazi hapo, na wajulishe watakaorithi kiwanja hicho, wasije wakachimba msingi juu yake.

MZIGO WA SIRI

Tumemaliza maji, sasa siri. Kwa wengi wetu, mkwe kumvua nguo baba mkwe ni jambo zito, na binti kumsafisha baba yake mzazi si jepesi. Pampasi ya kutupa ilipofika madukani ilipokelewa kwa sababu inabadilishwa haraka, inafungwa, na haianikwi kwenye kamba majirani wakaiona. Familia haikununua usafi tu, ilinunua faragha. Anayetaka kupunguza taka hizi bila kuiheshimu faragha hiyo atashindwa.

Kwa hiyo gawa kazi kwa kufuata heshima. Wana na wajukuu wa kiume wamsafishe baba. Mabinti wamsafishe mama. Mkwe anaweza kufua, kupika na kutunza ratiba bila kumvua mzee nguo. Wanaume wachimbe shimo na wabebe ndoo. Hakuna mila inayosema ndoo hiyo ni ya wanawake. Kamba ya kuanikia iwekwe penye jua lakini nyuma ya uzio wa matete.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Mzee hapaswi kuulizwa mbele ya wageni kama amelowa. Kijana anaweza kuinama na kusema, "Baba, muda umefika, tusogee kidogo kwenye kiti." Naye atajibu, "Haya mwanangu, nishike mkono." Hapo hakuna aliyeaibika, na pampasi moja imebaki kavu. Maneno kama kikojozi yasisikike ndani ya nyumba hiyo, hata kwa utani wa watoto, kwa sababu mgonjwa akishaaibishwa huacha kuomba msaada, na asiyeomba msaada hulowa.

TAKA ZINAZOISHIA HOSPITALI

Kuna pampasi ambazo hazikupaswa kununuliwa hata moja, kwa sababu chanzo chake kinatibika. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumfanya mzee avuje ghafla, na dawa za siku chache zikamrudisha. Tezi dume huziba njia mpaka kibofu kinajaa na kufurika. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza mkojo kupita kiasi. Baada ya kiharusi, wengi hurejewa na uwezo wa kuzuia haja wakipewa ratiba na mazoezi. Kabla ya kuzoea pampasi, dai uchunguzi.

Zaidi ya wote namfikiria mama aliyepata fistula. Uchungu wa kujifungua ukipita kiasi na mtoto akakwama, kichwa chake huikandamiza nyama ya mama mpaka inakufa, tundu linabaki, na mkojo au kinyesi hutoka bila kukoma. Mama huyo si mzee. Anaweza kuwa na miaka ishirini. Akiachwa, atavuja maisha yake yote, na hakuna hesabu ya pampasi itakayomtosha. Tundu likiwa jipya na dogo, mpira wa mkojo ukiwekwa mapema na kukaa wiki nne hadi sita unaweza kulifunga. Likishakomaa, upasuaji hulifunga. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na tangu 2009 imekuwa ikituma nauli kwa simu ili umbali usiwe kikwazo. Kwa mtu wa Kakonko, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza iko karibu zaidi, nayo ina uzoefu wa miaka mingi wa upasuaji huo.

Kinga yake ipo pia. Kuanzia 2006, mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies mkoani Kigoma ulisaidia kuwezesha vituo vya afya vya vijijini kufanya upasuaji wa kujifungua, kazi iliyokuwa ikingoja hospitali za mbali. Kila mama anayefanyiwa upasuaji kwa wakati hajaokolewa yeye na mtoto peke yao. Ameepushwa na maisha ya kuvuja.

KAZI YA KIJIJI

Kaya haiwezi yote. Mpangaji wa chumba kimoja kwenye senta hana mahali pa kuchimba shimo. Mjane aliyebaki na mume aliyepooza hana nguvu za kuchimba mita mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na serikali ya kijiji ina mamlaka ya kupendekeza sheria ndogo, kuzipitisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuziombea idhini ya halmashauri ya wilaya. Wananchi wanaweza kupeleka hoja tatu kwa mtendaji wao: kijiji kitenge shimo la pamoja lenye mfuniko kwa wasio na ardhi, vijana wachimbe kwa zamu mashimo ya kaya zenye wagonjwa, kama wanavyochimba makaburi bila malipo, na zahanati ieleze wazi kama kichomea chake kinaweza kupokea pampasi kavu za wagonjwa wa kuambukiza.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwanzoni mwa 2024, huingia nyumba kwa nyumba. Wao ndio wa kuulizia kwa siri kama kuna mgonjwa asiyeweza kuzuia haja, kumwelekeza hospitali na kufundisha kidumu, kitambaa na shimo. Na kikundi cha wanawake chenye cherehani mbili kinaweza kuomba ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, kikashona nepi za kufulika za watu wazima. Mahitaji yapo. Hayaonekani tu, kwa sababu yamefichwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003 ikimtaka mzee aishi kwa heshima. Heshima hiyo hupimwa pia nyuma ya nyumba, kwa jinsi familia inavyoshughulikia kilichotoka mwilini mwake. Kama una mgonjwa wa namna hii leo, usianze na kununua pakiti nyingine. Mpeleke akachunguzwe, tafuta kidumu, panga saa, mwone fundi cherehani, kisha waite wanaume wa nyumba wachimbe shimo kabla mvua hazijaanza. Na ukiwa na jirani anayeuguza, usingoje akuambie. Chukua jembe, nenda ukamsaidie kuchimba.